Jina Haliandikwi Kwenye Kifuniko

Nyie vijana mnaoingia maabara na makoti yaliyopigwa pasi, njooni karibu niwaambie jambo linalonitisha mpaka leo. Msitarajie nianzie mwanzo nimalizie mwisho, maana kichwa changu hakiendi hivyo. Na mkinicheka, chekeni tu, mimi mwenyewe nilikuwa mcheshi kabla ya haya kunikuta.

Jina langu Zaituni, mtu wa Kondoa. Serikali ilinileta Kibondo nikiwa binti mwembamba, nikalia njia nzima, nikijipa moyo kwamba nitakaa mwaka mmoja niombe uhamisho. Nikakaa ishirini na sita. Waha wakanizoea, nikawazoea, wakaniita Mama Maabara. Asubuhi mtu akiniamkia "mwakeye" kwa Kiha namjibu bila kufikiri, na Kirangi changu nimebaki nacho cha kugombania na dada zangu kwenye simu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa malaria, minyoo, makohozi na damu. Vinyama vilikuwa vichache. Kinyama ni kile kipande anachokata daktari wa upasuaji mwilini mwa mtu ili kikasomwe kwenye hadubini, kama ni saratani au siyo. Sisi pale hatukuwa na wa kukisoma. Kazi yetu ilikuwa kukitia kwenye fomalini kisioze, kuandika jina, na kukisafirisha mpaka Kasulu, na kutoka Kasulu kinapelekwa hospitali kubwa mbali huko. Kazi ndogo, mtasema. Eti kutia nyama kwenye dawa na kuandika jina! Haya, tuendelee.

Aliyenifundisha ni Mzee Gwimo, Mungu amrehemu, mtu wa kule kule, mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi za maabara hata siku ya Krismasi. Makopo ya maabara yalikuwa yakiisha kila mara, na Kibondo asali haiishi, kwa hiyo tulikuwa tunatumia makopo ya asali yaliyokwisha, yale ya plastiki yenye mdomo mpana. Tunayaosha kwa maji moto na sabuni, lakini kopo la asali haliachi ulaini wake. Ukibandika plasta ubavuni inateleza, na fomalini ikichuruzika kidogo inafuta wino wote. Mzee Gwimo akapata dawa yake. Andika jina kwenye kifuniko, akaniambia, kifuniko kinabaki kikavu siku zote. Na kweli kilibaki kikavu. Nikaona huyu mzee ana akili kuliko vitabu, nami nikawafundisha hivyo hivyo wote walionifuata.

Mzee Gwimo alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyotumaliza tukiiunganisha na ile ya kwanza. Makondakta wa mabasi ya Kasulu walikuwa hawataki harufu ya fomalini. Nao siwalaumu. Barabara ile wakati ule ilikuwa vumbi jekundu na mashimo, basi linarushwa, kopo linavuja, abiria wanatokwa machozi, mmoja anauliza kwa sauti ni maiti ya nani imepakiwa. Basi tulikuwa tunamwaga fomalini karibu yote kabla ya safari, tunabakiza pamba iliyolowa ikifunika kinyama, tunazungushia plasta. Ukifika Kasulu unafungua, unajazia fomalini upya, unafunga. Umeona? Jina liko kwenye kifuniko, na kifuniko kinafunguliwa njiani. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Mwaka elfu mbili na kumi na tatu tuliletewa daktari kijana, Daktari Masatu, kutoka ukanda wa ziwa. Alikuwa anasoma huku anafanya kazi, na masomo yake yalihusu tezi ya shingo, ile inayovimba tukaita rovu. Alikuja mahali penyewe. Milimani kule rovu ni jambo la kawaida, hata sasa ambapo chumvi ina madini joto utaona bibi kizee ana lake, amezaa nalo, amelima nalo, halimtishi. Ndiyo maana watu walikuwa hawaji hospitali. Uvimbe ule mdogo mgumu, usiouma, ambao ndio wa kuogopwa, mtu anakwambia, "Ni rovu tu, la mama yangu lilikuwa kubwa zaidi."

Siku ya kwanza Masatu aliingia maabara na vichupa vidogo kama kidole cha mtoto, ndani vina maji fulani meupe. Akaniambia, "Mama, nikikata kinyama cha tezi, kipande kidogo kabla hakijagusa fomalini kinaingia humu. Vaa glovu mpya. Na tafadhali usiongee juu ya kichupa kikiwa wazi."

"Nisiongee?"

"Mate na jasho vina kitu kinachokula RNA, mama. Dakika chache tu imekwisha."

Nikamtazama. "Dokta mwanangu, mimi nimelea watoto watano kwa haya mate. Leo yamekuwa sumu?"

Akacheka, lakini hakulegeza. Nikawa naingia pale kimya kama niko kwenye swala, na wenzangu wakawa wanamshukuru Masatu kwamba amepata dawa ya kumnyamazisha Mama Maabara.

Nilimuuliza hiyo RNA ni mdudu gani. Akanieleza kwa subira, na nawaambia nyie kama alivyoniambia. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi ya kurithi, na RNA ni nakala zinazochukuliwa kutoka humo. Nakala nyingine zinapelekwa kutengeneza protini, ndizo vibarua. Lakini kuna nyingine hazitengenezi protini yoyote, na zamani wataalamu walizidharau, wakaziona takataka. Kumbe ni manyapara. Hawabebi tofali hata moja, lakini ndio wanaosema wewe fanya, wewe acha. Nyapara akiharibika, chembe inazaana bila kukatazwa, na hiyo ndiyo saratani.

"Sasa kwa nini tezi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu kuna wagonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia tezi yao wenyewe. Askari anampiga mwenye nyumba. Tezi inavimba, inajaa chembe za kinga. Na wengine wana hiyo na saratani pamoja. Ukipima zile RNA kwenye kelele za namna hiyo, unajuaje hizi zimepanda kwa sababu ya mwizi, yaani saratani, na hizi kwa sababu ya askari? Hapo ndipo ninapohangaika."

Vichupa vyake aliandika namba ubavuni kwa kalamu isiyofutika, na ndani akatumbukiza kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Penseli haifutiki kwenye dawa. Nilimwona anavyofanya. Niliona kabisa kwa macho yangu mawili, nikasema moyoni, wasomi bwana, wanapenda mambo mengi, na nikaendelea kuandika kwenye vifuniko.

Sasa sikilizeni. Mwaka uliofuata alikuja daktari bingwa wa upasuaji kutoka mkoa mwingine, wa kupita, akafanya upasuaji siku moja akaondoka. Siku hiyo walikatwa tezi wanawake wawili. Mmoja ni Domitila, mjane, mkulima wa kijiji cha jirani na Kibondo, wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi na yeye amezaliwa huku. Alikuwa na watoto watatu, mdogo ana miezi saba na bado ananyonya. Wa pili ni Yunisi wa Rungwe Mpya, upande wa Kasulu, binti wa miaka ishirini na kitu, muuza maharage, amechumbiwa. Walilazwa vitanda vinavyotazamana. Domitila alipokuwa hawezi kuinama, Yunisi ndiye aliyekuwa anamwekea mtoto kifuani.

Nikatia vinyama vyao kwenye makopo mawili ya asali yaliyofanana, nikaandika kwenye vifuniko, nikasafiri navyo mwenyewe. Basi lilichelewa kwa sababu tulikuwa tunangoja askari wa kusindikiza, njia ile ilikuwa na majambazi. Nimefika Kasulu mchana mkali, njaa inaniuma, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaingia maabara ya pale, nikafungua makopo yote mawili kwa mpigo ili nijazie haraka, vifuniko nikavilaza mezani. Shoga yangu wa pale akaniita kutoka nje, "Mama Zai, chai inapoa, na maandazi nakula peke yangu!" Nikacheka, nikamjibu kitu cha utani sikumbuki, nikafunga, nikatoka. Maandazi yalikuwa matamu, na hilo silisahau.

Wiki kadhaa baadaye majibu yakaja. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua bahasha na kunakili kwenye rejista. Yunisi: tezi imeshambuliwa na kinga ya mwili, hakuna saratani. Domitila: tezi imeshambuliwa na kinga ya mwili, na ndani yake ipo saratani. Nikasema masikini Domitila, na watoto wale. Nikapeleka majibu kwa daktari, nao wakaitwa, mmoja akatoka chumbani kwa daktari anaimba, mwingine akatoka amejishikilia ukuta.

Jioni ile narudi kufunga rejista, nikasoma tena karatasi ya Domitila, ile sehemu ya juu ambayo hatuisomi, wanapoeleza kinyama kilivyo kabla hakijakatwa. Imeandikwa: kipande kina uzi mweusi pembeni.

Wanangu, nikairudia kwa kidole, neno kwa neno. Yule daktari bingwa alishona uzi mweusi kwenye kinyama kimoja tu, kuonyesha upande wa juu. Na mimi nilipokuwa nakitumbukiza kwenye kopo nilikitania kimoyomoyo, nikasema, Yunisi, wewe umefungwa na utepe kabisa, harusi imekaribia. Nilisema Yunisi. Au nilisema hivyo kwa sababu nilijua ana uchumba? Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kila nilipokumbuka, uzi ulihama. Mara uko kwa Yunisi, mara uko kwa Domitila. Daktari bingwa ameshaondoka, na kwenye faili hakuandika habari ya uzi. Nikaviona vile vifuniko viwili mezani Kasulu, na mkono wangu unavichukua huku mimi nimegeuza uso dirishani nacheka.

Nataka mjue hofu inavyofanya kazi, maana hakuna darasa linalofundisha hilo. Nilinyamaza siku tisa. Mimi, niliyekuwa siwezi kunyamaza juu ya kichupa! Nilijiambia pengine sijakosea. Nilijiambia nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na tano hawezi kufukuzwa kama mwizi wa kuku. Mtu akipiga hodi nyumbani nakimbilia jikoni. Mume wangu akauliza una nini, nikamjibu tumbo. Nikawa naswali huku nahesabu vifuniko. Na aibu niliyoiona ni kwamba, katika siku hizo tisa, nilijiogopea mimi kuliko nilivyowaogopea wao. Hilo nalisema wazi na sijivunii.

Siku ya tisa Domitila akaja hospitali kuchukua barua ya rufaa. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kutolewa tezi yote iliyobaki, kisha kunywa dawa ya mionzi. Safari ilikuwa imepangwa baada ya wiki tatu. Alikaa kwenye benchi letu akingoja, peke yake, na mimi nikamuuliza bila kufikiri, "Mtoto yuko wapi?"

"Nimempeleka Munanila kwa dada yangu," akasema. "Wale wakubwa nimewagawa, mmoja kwa shemeji, mmoja kwa mchungaji. Sijui nitarudi, Mama Maabara. Afadhali wazoee nikiwa bado nawaona."

Hakulia. Alisema kama mtu anayekueleza mbegu amepanda wapi. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikashika sinki kwa mikono miwili. Halafu nikatoka nikaenda moja kwa moja mpaka chumba cha Daktari Masatu, kabla hofu haijanipata tena, nikamwambia yote. Kopo, kifuniko, Kasulu, chai, uzi.

Masatu alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini taratibu. Akavuta faili zao mbili, akazifungua, nikaona bora angenipiga.

"Siku tisa, mama?"

"Siku tisa."

"Na kama uzi ni wa Yunisi, yule binti anatembea na saratani na sisi tumemwambia amshukuru Mungu."

"Najua."

"Unajua," akasema kwa hasira. Halafu akainuka ghafla kana kwamba kuna kitu kimemchoma. "Vichupa! Mama, vichupa vyangu vipo kwenye friji."

Vilikuwepo. Namba ubavuni, kikaratasi cha penseli ndani, na alivijaza yeye mwenyewe chumba cha upasuaji, kimoja mgonjwa akiwa mezani, kimefungwa kabla ya mgonjwa wa pili kuingia. Mate yangu hayakuwahi kuvigusa. Akaandika kwa mganga mkuu siku ile ile, nami nikaandika barua yangu ya kukiri. Safari ya Domitila ikasimamishwa, akaambiwa kuna kipimo cha kurudia. Vichupa vikapakiwa kwenye barafu, Masatu akavisindikiza mwenyewe, kwa rafiki yake mwenye mashine za kupima RNA.

Nilimuuliza kabla hajapanda gari, "Zitasema kweli?"

"Peke yake hazitoshi kumhukumu mtu," akasema. "Wote wawili wana ule ugonjwa wa kinga, kelele zipo kwa wote. Lakini kuna RNA fulani ndogo ambazo kwenye saratani ya tezi hupanda sana, zaidi ya kelele. Zitatuonyesha pa kuanzia. Halafu watalinganisha vinasaba vya kipande cha kwenye kichupa na cha kwenye kopo, hapo ndipo tutakuwa na uhakika."

Basi tukangoja. Nimengoja mambo mengi katika maisha yangu, nimengoja uchungu wa uzazi na nimengoja mwanangu alipopotea mnadani, lakini sijawahi kungoja hivyo. Kwa sababu sikujua niombe nini. Ukiomba vifuniko viwe sahihi, umemwombea Domitila saratani. Ukiomba viwe vimebadilishana, umemwombea Yunisi. Nikiweka mikono yangu juu kuomba dua, nakwama. Nikawa nasema tu, Mola unajua, Mola unajua, kama kasuku.

Siku ya kumi na nane simu ililia nikiwa napanga vioo vya malaria. Masatu.

"Mama, kaa."

"Nimekaa." Nilikuwa nimesimama.

"RNA zimepanda kwenye kichupa cha Yunisi. Cha Domitila kina kelele tu. Na vinasaba vimethibitisha. Kopo lenye jina la Domitila lilikuwa na kinyama cha Yunisi."

Nililia mpaka mhudumu wa usafi akadhani nimefiwa. Akaniletea maji, akanipangusa, akauliza msiba uko wapi, na mimi nikashindwa kumwambia uko Rungwe Mpya na mwenyewe hajui.

Masatu alirudi na gari la hospitali. Akasema, "Tutakwenda wote. Lakini maneno utasema wewe." Sikubisha.

Domitila tulimkuta anapura maharage uani. Nikamwambia pale pale, nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitainuka. Nikamwambia huna saratani. Kosa ni langu, si la daktari, si la mashine. Nilifunga kifuniko chako kwenye kopo la mtu mwingine.

"Mana yanje," akasema kwa Kirundi, yaani Mungu wangu, fimbo ikamtoka mkononi. Nilidhani atacheka au ataruka. Akajishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Nimemwachisha mtoto ziwa," akasema. "Mama Maabara, nilimwachisha kwa nguvu. Alilia siku nne, dada yangu akanipigia simu nimsikie, nikazima simu. Maziwa yamekauka. Ulijua lini?"

Hilo swali. Ningeweza kusema nimejua jana, na Masatu asingenisuta mbele yake. "Nilishuku siku ile ile ya majibu," nikasema. "Nikanyamaza siku tisa. Niliogopa kazi yangu."

Alinisogelea, akanizaba kofi. Sikuinua mkono. Masatu akataka kusogea, nikamkataza kwa macho. Nilimwamkia Domitila shikamoo, mimi niliyemzidi umri. Hakuitikia. Alikwenda kuketi juu ya gunia, halafu akageuza kichwa ghafla.

"Tulikatwa wawili tu siku ile," akasema.

Sheria haituruhusu kumtaja mgonjwa mwingine, na yeye hakuhitaji jibu.

"Anajua?"

Masatu akaangalia chini. Domitila akasimama, akakung'uta makapi kwenye kanga yake, akaingia ndani akatoka na kanga nyingine safi. "Watoto wangu nitawafuata kesho," akasema. "Leo nakwenda na nyie. Hawezi kuambiwa jambo hilo na mwanamume na wewe peke yenu." Akapanda nyuma ya gari kabla hatujasema ndiyo wala hapana.

Rungwe Mpya tulifika wakati Yunisi anachambua maharage na mama yake. Alipomwona Domitila alipiga kigelegele, akamkumbatia, akamwambia umenenepa, akamwuliza mtoto ana meno mangapi. Kisha akaniona mimi nyuma, na koti langu la kazi ambalo sijui kwa nini nililivaa. Kigelegele kikamfia mdomoni. Nilisema yote tena. Safari hii nilisema nimepiga magoti, na Domitila alikuwa amemshika Yunisi kiunoni, amemshika sana, mpaka nilipomaliza.

Yunisi alikwenda Dar es Salaam. Alitolewa tezi yote, akanywa dawa ya mionzi, akakaa chumba cha peke yake bila kuguswa na mtu. Wiki zilizopotea kwa sababu yangu hazikumuua, namshukuru Mola, daktari wa huko alisema ugonjwa ulikuwa bado ndani ya tezi. Anameza kidonge kila asubuhi na atameza maisha yake yote. Mchumba alikimbia, Yunisi akapata mwingine aliye bora. Mimi nilipewa onyo kali la maandishi, nikaachiwa nimalize muda wangu, na wengine waliona nimependelewa. Pengine kweli.

Makopo ya asali niliyachoma yote nyuma ya jengo kwa mikono yangu. Tukaandika ubavuni, tukatia kikaratasi cha penseli ndani, kopo moja linafunguliwa na kufungwa ndipo la pili liguswe, na anayeandika na anayesoma wawe watu wawili. Mkisikia sauti ya shoga inawaita chai, mwacheni anywe peke yake. Mnaona ni mambo madogo? Nami niliona hivyo, na nilikuwa hodari, watu walinisifu.

Mwaka elfu mbili na kumi na tano, wiki chache kabla sijastaafu, Yunisi alikuja kupima damu yake kama anavyotakiwa. Alikuwa amepona, ana kovu jembamba shingoni. Alikaa kwenye kiti changu, akanyoosha mkono, akaniangalia nikifunga mpira. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza bei ya chumvi.

"Mama, mimi na Domitila tulibahatika, dokta alikuwa na vichupa vyake. Wale waliotutangulia walikuwa na nini?"

Nilimtoa damu. Nikamshindilia pamba, nikamwambia akunje mkono.

Alipoondoka nilitoa rejista za vinyama kabatini, za miaka yote, nikakaa chini sakafuni nikaanza kusoma moja moja. Kwenye ukurasa wa tatu nilikuta jina la jirani yangu, mwanamke aliyekufa na uvimbe wake, niliyekwenda kumwosha mimi mwenyewe siku ya msiba wake, na mbele ya jina lake, kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimeandika: hakuna saratani.